Huyu Pweza Nimemla, Msinidanganye

Uongo naweza kuuvumilia, mradi uhusu kitu ambacho hakuna aliyekiona. Niambie kuna joka linalotema moto na kulalia dhahabu, nitauliza tu dhahabu yenyewe ni kiasi gani. Niambie kuna mchawi wa miaka mia nne anayeruka kuta kwa fimbo, nitamwonea wivu, maana mimi nina miaka sitini na ushei na goti la kushoto limekataa kupanda mlima. Lakini kwa habari ya pweza, tafadhali sana. Joka sijawahi kukutana nalo. Pweza nimemla.

Najua kwamba hapa ninapoishi, Mogogosiek, upande wa Bomet, mtu anayejitokeza kumtetea pweza huonekana ana homa. Huku ni majani chai kuanzia mlangoni hadi macho yanapochoka. Bahari iko zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Hata samaki hajakubalika kila nyumba. Wapo wazee ambao ukiwatengea sahani ya samaki watakuuliza kwa upole ng'ombe amepatwa na nini. Majirani zangu wengi walimsikia pweza kwa mara ya kwanza mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, pale Paul, pweza wa Oberhausen, Ujerumani, alipotabiri washindi wa mechi nane bila kukosea hata moja, hadi fainali ambayo Uhispania iliifunga Uholanzi. Oktoba mwaka huo huo Paul akafa, na jirani yangu hadi leo anashikilia kwamba Waholanzi wanajua zaidi ya wanavyosema. Basi elimu ya pweza huku iliishia hapo: mnyama mwenye kipaji cha kubeti.

Mimi nilimjua pweza kabla Paul hajaanguliwa. Ujanani nilikuwa karani katika ghala moja la chai kule Shimanzi, Mombasa. Chai ya Kericho na Bomet haiishii katika vikombe vya Kericho na Bomet. Huteremka Mombasa kwenye mnada, ulioko huko tangu 1969, na pamoja nayo huteremka vijana wa huku wenye masweta wasiyoyahitaji. Jioni tukitoka ghalani tulisimama kwa muuza supu ya pweza: bakuli la moto, ndimu, pilipili, na vipande vya minyiri vilivyochomwa vijiti. Wanaume wa Pwani wana imani yao kuhusu supu ile, imani ambayo sitaifafanua katika safu inayosomwa na wachungaji. Mimi nilikunywa kwa ajili ya mafua. Mke wangu huuliza ni mafua gani hayo yaliyodumu miaka yote niliyokaa Mombasa, nami humjibu kwamba Mombasa kuna unyevu mwingi.

Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja likizo kutoka chuoni na mchezo uitwao Dungeons & Dragons, hakujua kwamba anaingia nyumba yenye mtaalamu.

Mchezo wenyewe ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Unachezwa mezani, kwa mdomo na hesabu. Mmoja wenu anakuwa Bwana wa Mchezo na kusimulia: mko mbele ya pango, ndani kuna sauti, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake kwa namba, wepesi wake kwa namba, hata busara yake kwa namba, jambo ambalo lingefaa kuigwa wakati wa uchaguzi. Ukisema unaruka shimo, hujaruka. Unarusha kwanza dadu yenye pande ishirini, nayo ikikataa, umo shimoni.

Dadu za namna hiyo haziuzwi Mogogosiek. Mpwa wangu alichukua risiti zangu za zamani za majani, akazikata vipande ishirini, akaviandika namba na kuvitia kwenye kikombe cha bati. Kwa kazi ndogondogo tunatumia dadu za ludo. Kwa hiyo kila ninapopambana na zimwi nachomoa kikaratasi ambacho upande mmoja kinaniambia nimeshindwa, na upande wa pili kinanikumbusha kilo nilizopeleka kituoni na kukatwa. Kanuni anazo kwenye simu, kwa sababu Januari 2023 kampuni inayoumiliki mchezo iliruhusu kanuni za msingi zitumiwe na yeyote bila malipo. Baada ya kuzisoma nimeelewa kwa nini hawakuona uso wa kutoza pesa.

Mke wangu alisikiliza maelezo yote akiwa jikoni, kisha akatoa hukumu: "Hizo si hadithi za jioni tu? Mmeziongezea hesabu ili zisiishe."

Tunacheza Jumapili mchana. Siku hiyo kituo chetu hakipokei majani, na mvua ya huku haingoji utabiri. Ikifika saa nane inashuka, mara nyingine na mawe yake. Jirani yangu anacheza kama mchawi. Binti yake wa kidato cha tatu anacheza kama mwizi, na anacheza vizuri kiasi kwamba nimeanza kuhesabu vijiko. Mimi ni mpiganaji mwenye shoka, mtu wa maneno machache. Huyo ndiye aliyekutana na pweza.

"Mko kando ya bwawa la shamba la chai lililoachwa," mpwa wangu akasimulia kwa sauti nzito ambayo nyumbani kwa mama yake haijulikani. "Maji ni meusi. Katikati kuna kisiwa kidogo, na juu yake sanduku. Mnapovuka, kitu kinawagusa miguu. Ni pweza mkubwa."

Nikaweka kikombe chini. "Bwawa la maji ya mvua?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mtoto wa dada yangu, duniani kuna aina za pweza zipatazo mia tatu, na hakuna hata moja inayoishi kwenye maji yasiyo ya chumvi. Hata moja. Ziwa Victoria lina ngege, lina sangara, lina kamongo, na pweza hakuna. Wewe umempata wapi wa huku kwetu Konoin?"

"Mjomba, wiki iliyopita mlizungumza na joka kwa Kiswahili sanifu na hukusema neno."

"Joka anuani yake siijui. Ya pweza naijua."

Binti wa jirani akaomba tuendelee kabla stima hazijapotea. Nikanyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba. Pweza akashambulia. Kwa mujibu wa kanuni za toleo la mwaka 2014, ambazo ndizo tunazotumia, mikono yake inafika futi 15, yaani kama mita nne na nusu. Mpwa wangu akachomoa kikaratasi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza, akatangaza kwamba nimepigwa, nimeumia, na nimeshikwa.

Sina tatizo na kushikwa. Kilichofuata ndicho kilichonitoa kwenye kiti. Jirani yangu, mchawi, mtu ambaye angezama kwenye karai, akapita kando yangu ndani ya maji yale yale, futi tano kutoka kwa pweza yule yule, akaniambia "Pole, mzee," akaenda zake kisiwani. Binti yake akamfuata. Nikamwuliza Bwana wa Mchezo kwa nini hao hawashikwi.

"Pweza ameshakushika wewe, mjomba. Kanuni inasema akiwa amemshika mmoja, hawezi kutumia mikono yake kwa mwingine."

"Ana mikono mingapi?"

"Minane."

"Na yote minane ina shughuli na mimi?"

"Ndivyo kanuni inavyosema."

Nimeishi chini ya sheria nyingi za ajabu. Nimewahi kuambiwa na ofisi fulani nilete cheti cha kuzaliwa ili nipewe fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Lakini sijaona sheria inayompa kiumbe mikono minane kisha ikamwajiri mmoja.

Nieleze pweza alivyo, kwa faida ya wale waliomjua kupitia Paul. Ana mioyo mitatu na damu ya samawati, kwa sababu damu yake hubeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili za seli hizo haziko kichwani, ziko mikononi. Kila mnyiri una mamia ya vidaka vya kunyonya vinavyogusa na kuonja kwa wakati mmoja. Kichwa hutoa amri ya jumla, na mkono hujimalizia wenyewe: huu unapekua tundu la jiwe, ule umembana kaa, wa tatu unajishikiza kwenye mwamba, na mwenyewe anatazama mambo mengine.

Jambo hili lisingehitaji kuelezwa katika nchi ya chai. Mtazame mke wangu akichuma. Kikapu mgongoni, macho kwa mwenzake wa mstari wa pili, mdomo umo katika kesi ya mweka hazina wa chama, na mikono inakwenda yenyewe: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, jani gumu linaachwa, jipya linakatwa, konzi ikijaa inarushwa nyuma ya bega bila kugeuka. Ukimsimamisha ghafla umuulize mkono wa kushoto umechuma nini, atakuuliza una shida gani. Yule ni mtu wa mikono miwili, na macho hayahusiki. Sasa mpe sita zaidi, umwambie anaruhusiwa kichaka kimoja tu. Utaondoka shambani ukikimbia.

Tena si nadharia tupu. Mwenzangu mmoja ghalani alikuwa mtu wa Vanga, na wakati wa bamvua alinichukua kwenda kuchokoa pweza. Maji yakipwa, mwamba hubaki wazi, na wavuvi, kule Zanzibar wengi wao wakiwa akina mama, hutembea wakitafuta tundu lenye maganda ya kaa mlangoni, dalili kwamba mwenye nyumba ameshakula. Huingizwa fimbo, pweza huishika, huvutwa. Yule mwenzangu alipomtoa wake, nilisimama karibu nikaona kwa macho haya: minyiri miwili ilikuwa kwenye fimbo, mitatu imezunguka mkono wake hadi kiwiko, na iliyobaki haitaki kuliachia jiwe. Fimbo, mtu na jiwe, vyote kwa mara moja, na mnyama mwenyewe alikuwa wa kilo chache tu. Mwenzangu hakuchomoa kikaratasi chochote. Alimgeuza kichwa ndani nje, mambo yakaisha.

Nilipomweleza mpwa wangu ushahidi huu, alisema kanuni za mchezo hazimhusu mtu wa Vanga.

Basi nikaomba simu, nikavaa miwani, nikasoma mwenyewe. Nawaambia, nilichokiona kule kingemfanya wakili alie. Kwanza, kushikwa. Katika mchezo huu mtu akikushika tu, kinachopungua ni mwendo wako: unakuwa sifuri, basi. Unaweza kupigana, kunywa dawa, kusoma uganga wa mistari kumi, hata kumhutubia aliyekushika. Pweza mkubwa anaongeza kukubana, na hapo shoka lako linalenga vibaya, lakini mdomo ni mali yako bado. Nimeshuhudia mieleka ya televisheni miaka mingi, na hata kule ambako watu hupangana nani aanguke, sijaona mtu aliyekabwa shingo akiendelea kutoa mafunzo.

Pili, mdomo wa pweza. Kitu kigumu pekee katika mwili wake ni mdomo uliochongoka unaofanana na wa kasuku, na mate yake yana sumu ya kumlegeza kaa. Katika karatasi ya pweza mkubwa ya mwaka 2014, kuuma hakupo. Kuna kurusha wino, kuna kujificha, kuna mikono. Wamemng'oa meno bila ganzi. Na ngumi pia wamemnyima. Desemba 2020 watafiti walichapisha habari za pweza wa Bahari ya Shamu, wa aina ile ile inayochokolewa katika miamba yetu ya Pwani, wanaowinda pamoja na samaki. Samaki akizubaa au akiingilia, pweza humzaba ngumi ya mnyiri mmoja na kazi inaendelea. Mkono mmoja unapiga, iliyobaki inawinda. Nani kawaambia hawa waandishi wa kanuni kwamba hawezi mambo mawili?

Tatu, pumzi. Kanuni zinampa pweza mkubwa saa nzima nje ya maji. Saa nzima! Pweza wa kweli hujikokota kutoka dimbwi moja hadi jingine maji yakipwa, lakini mlaze juani Mombasa saa nzima uone kama utahitaji kumchemsha. Kwa hiyo wamemnyang'anya mikono saba na meno, wakamlipa kwa pumzi asiyoihitaji. Mkulima yeyote wa majani atautambua ukarimu wa aina hii.

Nne, kizuizi. Bwana wa Mchezo aliwahi kumfungia pweza nyuma ya lango la nondo. Nondo! Kiumbe kisicho na mfupa hupita popote mdomo wake unapopita. Mwaka 2016 pweza mmoja aitwaye Inky, katika hifadhi ya viumbe wa bahari mjini Napier, New Zealand, alitoka usiku kwenye tangi lake kupitia upenyo mdogo juu, akatambaa sakafuni, akaingia kwenye bomba la maji lenye urefu wa mita 50 hivi, akatokea baharini. Hakuaga. Huyo ndiye unayemwekea lango ambalo hata kuku wetu wanapita.

Tano, kifo. Nilipofanikiwa kumuua pweza wa bwawani, mikono yote iliachia papo hapo, kwa adabu. Mwaka 2014 watafiti wa Jerusalem walionyesha kwamba mnyiri uliokatwa huendelea kushika vitu kwa muda wa saa nzima. Vitu vyote hushikwa isipokuwa ngozi ya pweza, kwa maana ngozi yenyewe ina kemikali inayouzuia mkono usijishike. Ndivyo wanyama hawa wanavyoishi na mikono minane isiyomwuliza mtu bila kujifunga mafundo. Umenielewa? Maiti ya pweza ina mshiko kuliko pweza hai wa kanuni hizi.

Mpwa wangu si mjinga, nami namsomesha kwa sehemu, kwa hiyo naomba ujinga usiwepo. Alijitetea kwa historia. Alisema kanuni za kushikana zimewasumbua waandishi tangu mwanzo. Kitabu cha Gygax cha mwaka 1979 kilikuwa na majedwali ya asilimia: unapiga hesabu ya silaha na mavazi ya vita ya mwenzako, ndipo ujue kama umemkaba shingo, umempinda mkono au umemkumbatia kiuno. Toleo la mwaka 2003 lilikuwa na hatua moja baada ya nyingine: adui anapata nafasi ya kukupiga kwanza, kisha unajaribu kumgusa, kisha mnashindanisha nguvu, kisha ndipo umshike, na watu walikuwa wakiona mtu anataka kushika wanasimama kwenda kutengeneza chai. Na katika toleo hilo, mjomba, pweza mkubwa alikuwa na mashambulio manane ya mikono pamoja na kuuma. Yote.

"Kumbe walijua!" nikasema.

"Walijua, mjomba. Ndiyo maana waliacha. Zamu moja ya pweza ilikuwa na kurusha dadu mara tisa, halafu kushindana nguvu kwa kila mkono uliopata. Watu walilala mezani."

Tukajaribu. Jumapili moja tulicheza pweza wa mwaka 2003 mwanzo hadi mwisho. Nakiri kwamba mvua ilianza na kuisha, chai ilipoa, ng'ombe walikamwa, na mkono wa sita ulikuwa bado unatafuta namba yake kwenye kikombe cha bati. Lakini huo ni uvivu wa mahesabu, si kosa la pweza. Pweza mwenyewe hutumia mikono yake bila kikombe chochote. Ukishindwa kuhesabu ng'ombe wa mtu, humpunguzii ng'ombe.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta suluhisho, niliandika kanuni yangu nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Ni fupi. Pweza ana mikono minane. Miwili ibaki imeshika mwamba, kwa sababu pweza hawezi kumvuta mtu akiwa anaelea. Iliyobaki sita aigawe apendavyo, yote kwa mmoja au mmoja mmoja kwa wengi. Unachomoa kikaratasi kimoja tu kwa zamu nzima. Aliyeshikwa kwa mnyiri mmoja anachelewa. Kwa miwili, anasimama. Kwa mitatu, amebanwa. Kwa sita, anaacha kusema uganga na kuanza kusema sala. Anayetaka kutoka ashinde namba 16, ile ile ya kitabu, nayo haimtoi kwa mara moja. Inamfungua mkono mmoja.

Nilipoisoma mezani, kulikuwa na kimya. Binti wa jirani akasema ni nzuri kuliko ya kitabu. Baba yake akasema ni ya kikatili. Mpwa wangu akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyetegemea likizo.

"Sawa, mjomba. Leo wewe ndiye pweza."

Hapa lazima nieleze habari za wilibaro. Jirani yangu aliazima wilibaro langu kubebea samadi, kabla ya mvua ndefu, na tangu hapo nimepewa maelezo. Liko kwa shemeji yake. Linarudi kesho. Lilikuwa lirudi jana ila kulikuwa na matanga. Mimi ni mtu mzima na yeye ni mtu mzima; huku hatugombani kwa ajili ya wilibaro, tunasalimiana "chamgei" kila asubuhi na kutazamana usoni, na samadi yangu naibeba kwa gunia. Hakuna mahakama, hakuna chifu, hakuna baraza la wazee linaloweza kumshika mtu kwa jambo dogo namna ile bila mwenye mali kuonekana mchoyo.

Mchawi wake akaingia majini kama kawaida yake, akielekea sandukuni, akiwa na "Pole, mzee" tayari mdomoni. Nikachomoa kikaratasi. Kumi na tisa.

"Minyiri mingapi, mjomba?"

"Yote sita."

"Kwa mchawi? Lakini mwizi anapita hapo kando."

"Apite, ni mtoto wa watu. Mimi nina shughuli na huyu."

Jirani yangu akachomoa ili ajinasue. Nne. Zamu ikarudi, nikamvuta chini kidogo. Akachomoa tena, saba. Akataka kusoma uganga, nikamkumbusha kifungu cha sala. Mke wangu, ambaye hajawahi kutoka jikoni kwa ajili ya mchezo huu, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Hivi kanuni yako haina njia nyingine ya kutoka?" jirani akauliza. "Hata kitabu kinaruhusu nguvu au wepesi."

"Ipo," nikasema. "Nguvu, wepesi, au wilibaro."

Mpwa wangu akapekua simu juu hadi chini, akakiri kwamba kitabu hakikatazi. Binti wa jirani alicheka hadi akaweka kichwa mezani. Baba yake akanitazama, akatazama kikombe cha bati, akatazama pointi zake za uhai zilizobaki, kisha akatoa simu yake na kumpigia shemeji. Nusu saa baadaye mvulana aliyelowa chapa alitokea langoni akiburuta kitu kwenye tope.

Nikatoka na mwavuli kukagua. Mishikio ilikuwepo. Karai lake lilikuwepo, na samadi ya mwaka huu ndani. Gurudumu halikuwepo.

"Liko kwa fundi," jirani akasema kutoka barazani. "Linarudi kesho."

Nikamshukuru yule kijana, kongoi, nikampa chai. Nikarudi mezani, nikakaa, nikamwambia Bwana wa Mchezo aandike vizuri: mikono mitatu nimeachia, kwa ajili ya mishikio na karai. Mitatu iliyobaki inangoja gurudumu.